Hajira Hasikii

Mwalimu Stumai wa chekechea alipokuja dukani kwangu Ikungi kuniambia kwamba Hajira hasikii, nilimwelewa kama mzazi yeyote angemwelewa: binti yangu amekuwa mkaidi. Nikampa mwalimu soda, nikamshukuru, nikamkalisha mtoto juu ya ndoo ya mafuta ya alizeti na kumwaga mawaidha. Mimi ni kiongozi wa ulinzi shirikishi mtaani kwetu, cheo nilichopewa kwa ajili ya sauti tu, na siku ile niliitumia sauti yote. Nilitaja utii, heshima, na mababu ambao mwenyewe siwajui vizuri. Hajira, mwenye miaka mitano, alitulia tuli akiitikia kwa kichwa. Wateja walisimama kusikiliza. Nilijiona shehe.

"Mselemu, unahutubia ukuta," alisema mke wangu Mwantum. "Mtoto masikio yake ndiyo hayasikii."

Nilimwambia anamdekeza. Akampeleka hospitali ya mjini Singida bila kuniuliza. Dawa zikatolewa, miezi ikapita, hali ikawa ileile. Waliporudi kwa daktari niliandamana nao, maana nani mwingine angeuliza maswali magumu?

Daktari Alute alikuwa mpole. "Nyuma ya pua kuna nyama," alisema. "Humo wanakaa askari wa mwili, wanaokamata vijidudu vinavyoingia na hewa."

Niliposikia askari nilikaa vizuri. Hatimaye tumefika kwenye fani yangu.

"Mafua ya Hajira hayaishi, kwa hiyo askari wameitana mpaka kambi imevimba. Imeziba kijia cha hewa cha kwenda masikioni, na nyuma ya ngoma za masikio kumejaa majimaji. Nataka kuitoa nyama hiyo na kuyavuta hayo maji."

"Daktari, unafukuza walinzi?" nilisema. "Mimi mtu wa ulinzi. Walinzi hawapunguzwi wakati wa vita."

"Walinzi wako wote wakijazana mlangoni pa duka, kiongozi, mteja atapita wapi? Hawa wakitoka, mwili una wengine kila mahali."

Nilikiri kwamba hapo amenishinda. Mwantum anaikumbuka siku hiyo kama sikukuu.

Daktari akasogeza fomu ya ridhaa. Akasema Hajira anaingia darasa la kwanza Januari, na tayari maneno yake yako nyuma ya wenzake. Tukiacha hivi, atakaa darasani asijue wenzake wanacheka nini. Niliishika kalamu, nikairudisha mezani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuwa natetea askari wa mtu yeyote. Niliogopa kumlaza mwanangu wa pekee mbele ya kisu. Machozi yakaja, nikaelekea dirishani, maana kiongozi wa ulinzi halii mbele ya watu.

"Hajira, mama," nilisema nikitazama nje, "unataka baba afanyeje?"

 Nikarudia kwa sauti ile ya mikutano, mpaka wagonjwa waliokuwa uani wakageuka. Yeye hakujibu.

Kisha nikasikia kiti kinaburuzwa. Hajira alikipanda kando yangu, akanishika kidevu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wangu wote ulioloa kuelekea kwake.

"Baba geuka," alisema. "Nikiona mdomo ndo nasikia."

Nilimwomba Mwantum anipe kalamu.