Nafuu ya Mama

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke yule alikuwa karani wa mahakama, na hapakupita siku ya kazi bila kulichapa neno "nafuu". Kila shauri liliishia nalo: "Mdai anaomba nafuu zifuatazo." Huyu anataka arudishwe kazini, yule anataka ukuta wa jirani ubomolewe. Vidole vililichapa vyenyewe, mawazo yakiwa kwingine.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimuuguza mama yao hospitalini, alipompigia na kusema, "Mama amepata nafuu," karani alishusha pumzi. Wiki tatu mfululizo aliambiwa hivyo hivyo. Akapaka rangi chumba cha uani, akanunua godoro, akamwita fundi aweke kishikio bafuni, mama asije akateleza.

Alhamisi moja mahakama iliahirishwa mapema. Karani akapitia hospitalini na gauni jipya mkobani. Mama alikuwa usingizini, mifupa mitupu, ila uso umetulia. Daktari alikuwa akiandika kando ya kitanda.

"Daktari, tutaondoka naye lini?"

Daktari alimtazama dada mtu, kisha akafunga faili.

"Hukuelezwa? Tunampa dawa ya kutuliza maumivu tu. Ugonjwa wenyewe tuliacha kuutibu tangu mwezi uliopita. Umeshasambaa."

"Lakini mnasema ana nafuu."

"Anayo, mama. Hasikii maumivu."

Walipotoka nje ya wodi, dada aliegemea ukuta.

"Sikukudanganya, mdogo wangu. Kila nikipiga unanieleza habari za rangi ya chumba. Ulimi ukawa mzito."

Karani alikuwa na maneno makali mdomoni. Lakini akaiona miguu ya dada yake, imevimba hadi viatu haviingii, visigino vimekanyaga nyuma ya viatu. Akayameza.

"Nenda nyumbani ukalale. Nitakaa mimi."

"Na kazini?"

"Watatafuta wa kushika nafasi yangu."

Akakaa siku nane. Alimgeuza mama ubavu hadi ubavu, akamlowesha midomo kwa pamba, akajifunza kumchana nywele bila kumwamsha. Siku ya tano mama alifumbua macho, akamkazia.

"Hukumu imetoka?"

"Bado, mama. Imeahirishwa."

"Hakimu wenu mvivu," mama alisema, akalala tena. Hakusema neno jingine.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, dada akiwa ndiyo kwanza ameingia, pumzi ya mama ilikatika. Karani alihisi mabega yake yakishuka, mwili mzima ukilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Aibu ikamshika. Akageukia dirisha, dada yake asimwone uso.

Dada akaja akasimama karibu naye.

"Hata mimi," alisema polepole.

Wakashikana mikono, hakuna aliyelia, mpaka muuguzi alipokuja kumfunika mama shuka.