Dawa ya Kuzindua

Kinyozi alizima mashine, akamwacha mteja amenyolewa nusu kichwa. Upande wa kushoto uling'aa, wa kulia bado ulikuwa kichaka. "Narudi sasa hivi," alisema, akatokea mlango wa nyuma, akavuka ua kuelekea chumba alicholala mkewe.

Mteja alijitazama kwenye kioo. Kichwa chake kilikuwa kama shamba lililogombewa na ndugu wawili. "Ndiyo nini hii?"

"Tulia," alisema fundi redio, ambaye kila mchana alikaa benchi la kinyozi kwa sababu duka lake mwenyewe halikuwa na wateja. "Saa ya kumgeuza mkewe imefika. Hata ungekuwa waziri angekuacha hivyohivyo."

"Hana dada wa kumsaidia?"

"Anaye, lakini hamtaki. Anamwogesha mwenyewe, anamfulia mwenyewe, mpaka nguo za ndani anazianika hapo uani mchana kweupe." Fundi redio alishusha sauti, lakini si sana. "Mwanamume hafanyi hayo kwa akili zake. Kalishwa limbwata huyo. Tena si la kijiko, ni la sufuria nzima."

Wakacheka. Kinyozi aliwasikia kutoka uani, kama alivyowasikia jana na juzi. Kwake maneno hayo yalikuwa kama nywele sakafuni: ukifagia leo, kesho zipo. Kilichomuuma ni kwamba mkewe, ambaye zamani alicheka kuliko wote, siku hizi aliyasikia akanyamaza.

Ulikuwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Ulianza kwa ganzi ya vidole vya miguu, ukapanda polepole kama maji ya mafuriko yanavyopanda ukutani, mpaka ukafika kiunoni. Safari ya mwisho hospitalini daktari aliwaaga bila kuwapa tarehe ya kurudi, nao hawakuiuliza. Tangu hapo kinyozi alimgeuza asubuhi, mchana na jioni ili vidonda visimle mgongo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini anafanya hayo. Mtu hajiulizi kwa nini anameza mate.

Jumamosi ile dada yake alikuja na kifurushi cha gazeti, akakaa sebuleni, akakataa maji.

"Mdogo wangu, sikuja kugombana."

"Ukianza hivyo, dada, najua tutagombana."

"Ulikuwa dume wewe. Ulikuwa ukikohoa, nyumba inatulia. Leo unanuka sabuni ya kufulia." Alifungua gazeti. Ndani mlikuwa na unga wa mzizi, mwekundu kama vumbi la matofali. "Hii ni dawa ya kuzindua. Unaikoroga kwenye maji ya moto, unakunywa asubuhi tumbo likiwa tupu, unatapika. Ulichotiliwa kitatoka chote. Kikitoka, utaona."

"Nitaona nini?"

"Utaona unachokifanya."

"Nakiona kila siku. Ondoka nayo."

Sauti ya mgonjwa ikatoka chumbani, nyembamba lakini imenyooka. "Wifi, iache."

Dada alibaki mdomo wazi. Hakujua kwamba ukuta ule ulikuwa wa mbao.

"Iache mezani, wifi yangu. Nitazungumza naye mimi."

Dada akaondoka bila kuaga vizuri, kama mtu aliyekuja kuiba akafunguliwa mlango.

Kinyozi akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe hakumtazama, alitazama dari.

"Unakumbuka ulivyoacha kuja kwetu, kabla hatujaoana?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Uliacha. Nikasikia unaonekana na binti wa mwenye mashine ya kusaga. Halafu siku moja ukapita njia, shangazi akakuita ndani, akakupikia chai. Alipika yeye, si mimi. Ulipoondoka akasuuza kikombe, akaniambia, 'Huyu haendi popote tena.' Akacheka. Sikumuuliza ana maana gani. Nililiogopa jibu, na sasa ameshakwenda nalo kaburini."

"Chai ni chai, mke wangu."

"Huenda. Lakini kweli hukwenda popote tena." Akatafuta pumzi. "Nimekaa kwenye ndoa hii kama mtu aliyejengewa nyumba kwenye kiwanja asichojua ni cha nani. Nyumba nzuri, haivuji. Lakini kila nikisikia hodi, nashtuka. Watu wako walipokucheka, nilicheka kwa nguvu ili usiuone uso wangu. Mimi nakufa, bwana, na wewe unajua. Nataka nimjue anayeniosha ni nani."

"Ni mimi."

"Basi kunywa."

Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Alipokuwa akifagia duka jioni hiyo, alijaribu kukumbuka kwa nini alimwacha binti wa mwenye mashine. Alikuwa mzuri yule, na baba yake alikuwa ameshaahidi kumpa kinyozi kazi pale mashineni. Mtu haachi bahati kama ile bila sababu. Kinyozi aliitafuta sababu yake kama mtu anayepapasa mifuko ya koti la zamani, na mle ndani hakukuta kitu ila chai: ya moto, sukari imezidi, na msichana amesimama mlangoni akijifanya hamtazami. Alisimamisha ufagio. Kwa miezi mingi alikuwa ameogopa kitu kimoja tu, kifo cha mkewe. Sasa vilikuwa viwili.

Asubuhi hakufungua duka. Alikoroga ule unga kwenye kikombe, akaunywa wote amesimama uani. Ulikuwa mchungu wa kukunja uso. Haukumchelewesha. Alipiga magoti kando ya mfereji, akatapika chai ya jana, akatapika maji, kisha nyongo, na nyongo ilipokwisha mwili ukaendelea kusukuma kama unadai kilichofichwa. Na kila alipotapika, kitanda kililia chumbani, kwani mkewe alikuwa akijiinua kwa viwiko ili amwone dirishani.

Ulipotulia, alijilaza kibarazani mpaka jua likamfikia usoni. Akainuka, akanawa, akaufungua mlango wa chumba.

Harufu ikampiga. Mkojo, dawa ya vidonda, godoro lililokunywa jasho la mwaka mzima. Ilikuwa nzito hata akashika fremu ya mlango. Jana aliingia humu akakaa, akala. Harufu ilikuwa ya siku zote, pua ndiyo ilikuwa mpya.

Mkewe alikuwa akimtazama. Aliyelala kitandani mwaka mzima hana kitabu cha kusoma ila nyuso za wanaoingia.

"Sema," alimwambia.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva, wa kutema tu. Lakini mwanamke huyu alikuwa amebeba swali moja maisha yake yote, na kinyozi hakuona namna ya kumlaghai.

"Chumba kinanuka," alisema.

"Kinanuka siku nyingi."

"Mimi nimesikia leo."

Mkewe akaitikia kwa kichwa. Hakulia. "Basi," alisema, akageuzia uso ukutani, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Kinyozi alitaka kumwambia kwamba tumbo tupu huikuza kila harufu, kwamba yeyote aliyetapika vile angesikia vilevile. Ila hakujua kama huo ulikuwa ukweli au ni ule uongo uliorudi kwa mlango mwingine. Akafungua dirisha. Akatoka.

Alifika mpaka kwenye geti, akasimama. Barabara ilikuwa na watu wa Jumapili, wamevaa vizuri, hawana haraka. Alingoja kuvutwa, arudishwe ndani na hicho walichosema watu kinamvuta. Hakuna kilichomvuta. Miguu ilikuwa yake, imechoka, na ingeweza kwenda kokote.

Akarudi uani, akawasha jiko, akabandika maji.

Alipoingia na beseni alibana pumzi, kisha ikamshinda, akaiachia. Kazi ambayo jana mikono iliijua yenyewe, leo ilibidi aiamuru kidole kwa kidole: loweka, kamua, futa, usiminye kidonda. Kitambaa kilikuwa kizito. Alipofika mabegani alimpitishia mkono mgongoni amwinue. Siku zote mkewe alikuwa akimning'inia shingoni na kumtania kwamba anabebwa kama bibi harusi. Leo alimshika bega kwa ncha za vidole, kwa adabu, kama abiria aliyesaidiwa kushuka na mtu asiyemfahamu.

"Asante," alimwambia.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia neno hilo, wala kinyozi hakuwahi kulikosa.

Upande wa dukani mtu aligonga mlango, akaita kinyozi, akagonga tena. Kinyozi alikamua kitambaa mpaka maji yakaacha kudondoka.

"Bado mgongo," alisema. Akaweka mkono chini ya bega la mkewe, akangoja amshike.