Pengo la Daktari Shemweta

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ndani ya picha ninayoichora mwenyewe. Sikushangaa. Fremu ilikuwa mlango, nikabisha hodi, na meza ikaitikia: "Karibu."

Ni picha ya rangi za mafuta ya marehemu Daktari Hilari Shemweta, daktari wa meno, akiwa ameketi mezani kwake. Bintiye, Bi Teodora, alinipa picha moja ya kamera niifuate, kisha jana akaikataa kazi yangu. Alisema baba yake hakuwa mtu wa kununa, na kama siwezi kumrudishia baba yake, atatafuta mchoraji mwingine. Nami sijawahi kushindwa na uso wa mtu.

Ndani, daktari ananitazama, kimya.

"Ulimchora amefumba mdomo," meza inasema. "Sasa namsemea mimi. Wagonjwa hawapendi kufarijiwa na meza."

Kweli. Kwenye kiti cha wagonjwa amekaa mama mmoja mtu mzima, anatetemeka. Mara ofisi inaanza kwenda. Ni behewa la treni, tumeshapita stesheni ya Mombo. Hakuna anayejali.

Rangi ya midomo bado ni mbichi. Nikaikwangua kwa ukucha, taratibu, kama anayemenya yai. Daktari akatabasamu. Katikati ya meno ya juu alikuwa na pengo.

"Ndiyo maana nilifumba mbele ya kamera," akasema. "Daktari wa meno mwenye pengo, nani angenijia? Lakini aliyekwisha kukaa kwenye kiti nilimwonyesha. Akiliona, hofu inamtoka."

Yule mama akalitazama, akacheka, akafungua kinywa mwenyewe.

Alipomaliza naye, daktari akaniambia ni zamu yangu. Nilimweleza kuwa sina jino linaloniuma.

"Litauma Jumamosi," akasema, akaling'oa. "Uma pamba hii. Usizungumze mpaka adhuhuri."

Nikaamka.

Asubuhi Bi Teodora alifika, akasimama mbele ya picha. Machozi yakamtoka huku anacheka.

"Huyu ndiye baba," akasema. "Lakini hakuna picha yake hata moja yenye pengo hili. Nani alikuonyesha?"

Nilitamani kumjibu. Lakini adhuhuri ilikuwa haijafika, na nilikuwa nimeuma pamba.