Mlima Kwaraa Kwenye Simu

Mjukuu wangu Evelyne alikuja kijijini kwangu Singe na simu tatu za chuo na daftari jipya. Anasomea shahada ya pili. Utafiti wake ni namna ya kuonyesha habari kwa picha kwenye simu, mtu aangalie aelewe bila maneno mengi. Alikuwa amechora mvua ya Babati kwa mstari, mwezi kwa mwezi. Mwalimu wake, Dokta Heriel, angefika Ijumaa, na alishamwambia: nataka kujua wakulima wanakwama wapi kwenye picha yako. Usipojua, utaanza upya mwakani.

Jumatatu majirani kumi na wawili walikuja uani. Evelyne aliwaamkia mmoja mmoja, akawapa simu.

"Mnaionaje?"

"Nzuri sana, mwanangu," alisema Rosalia.

"Imependeza," alisema mzee Melkiori. "Chuo kimekufundisha."

Wote walisema nzuri. Evelyne aliandika nzuri mara kumi na mbili.

Nikawasindikiza hadi barabarani. Huko ndiko watu husema yaliyowabaki moyoni.

"Mama Ludovick," Melkiori aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi nimeona mlima tu. Nimeona Kwaraa. Lakini mtoto katoka mbali, nani atamvunja moyo?"

"Na mimi Kwaraa," alisema Rosalia. "Nikawa naitafuta hiyo mvua."

Niliwapenda kwa upole ule. Melkiori alikuwa ameacha maharage yake juani, mbuzi wakizurura, aje kumsaidia mtoto wangu. Lakini niliporudi, nilimkuta Evelyne amefunga daftari, chai yake imepoa.

"Bibi, hawajaniambia kitu. Nitaanza upya."

Jumatano walikuja tena. Kabla Evelyne hajauliza, nilinyoosha mkono kama niko darasani.

"Evelyne, mimi sikuelewa picha yako. Mstari unapanda, unashuka. Mvua iko wapi?"

Rosalia alinivuta kitenge. Evelyne aliinamia daftari, nikaogopa nimemuumiza. Halafu akasema, "Asante, Bibi. Na mwingine?"

"Ni Kwaraa," alisema Melkiori. "Mpaka nilipochungia ng'ombe napaona."

"Babu, Jumatatu ulisema imependeza."

"Kwani mlima haujapendeza?"

Watu walicheka, na baada ya hapo kila mtu akawa na neno.

"Mvua haipandi juu," alisema Rosalia. "Inaingia chini. Nikitaka kujua kama imetosha, nachimba kwa jembe nione unyevu umefika wapi. Vidole vinne, nasubiri. Shibiri nzima, napanda."

Evelyne aliweka kalamu chini, akamwomba waende shambani amwonyeshe.

Alichora hadi Ijumaa asubuhi. Sasa kila mwezi ulikuwa na kipande cha udongo, mweusi kutoka juu kwenda chini kadiri mvua ilivyoingia, na kando yake mkono umepima shibiri. Dokta Heriel alimpa Melkiori simu, akamuuliza angepanda lini. Melkiori hakutazama mtu. Aliweka kidole kwenye Desemba.

"Hapa shibiri imetimia. Hii Novemba ingenidanganya."

"Umefikaje hapa?" Dokta alimuuliza Evelyne.

"Waliniambia ya kwanza haisomeki."

"Wakulima wakakwambia hivyo usoni? Nani alianza?"

"Bibi yangu."

Dokta aliniamkia upya, kwa mikono miwili. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini siku ile nilikaa kwenye kigoda changu kama mwalimu mkuu.

"Na hii haina kosa, Bibi?"

"Waulize wenyewe."

Rosalia alikuwa ameshanyoosha mkono. "Huo mkono mliochora ni wa mwanafunzi. Shibiri yake fupi, itatupandisha mapema."

Dokta Heriel alicheka, akamwambia Evelyne hakuna kuanza upya, aendelee. Evelyne hakungoja. Alifungua ukurasa mweupe, akamwomba Rosalia atandaze kiganja, akakizungushia kalamu taratibu, mpaka kile kidole kilichopinda tangu mwaka alioanguka na mzigo wa kuni.

Mkono huo ndio uliomo kwenye picha sasa. Anayetaka kuuona aje, nitamwonyesha kwenye simu yangu.