Jino na Ini

Mama yangu akisema haumwi, usijisumbue kubishana naye. Asubuhi ile nilimkuta kwenye cherehani, sare za shule zimemjaa mapajani, shavu moja limevimba.

"Jino limetulia," akasema. "Zile dawa zako kiboko, mwanangu."

Zangu ni poda za mafua, pakiti kumi na mbili nilizomletea juzi kutoka duka la dawa ninakouza. Lakini kando ya mkasi, pamoja na pakiti zote tupu za poda, niliona karatasi mbili tupu za vidonge vya jino, kumi kumi. Jina tofauti, rangi tofauti, na nyuma kwa herufi ndogo, dawa ile ile iliyo kwenye poda: parasetamoli.

"Umekula nini tangu juzi?"

"Nile na jino hili? Uji kidogo."

Mfamasia wetu alituimbia somo hili mpaka tukamchoka. Ini huisafisha parasetamoli ikatoka kwa mkojo, ila sehemu ndogo vimeng'enya vya ini lenyewe huigeuza sumu. Ini lina akiba ya kuizima. Dawa ikizidi, tena mtu hali, akiba inakwisha, na sumu inaanza kulitafuna ini. Na siku za mwanzo mgonjwa anaweza kuwa anacheka tu.

"Mama, twende hospitali."

"Kwa jino lililopona? Wiki tatu dukani ushakuwa daktari?"

"Vaa viatu!"

Sijawahi kumfokea mama. Akavaa.

Hospitalini, daktari alishika kalamu. "Mama, umemeza vidonge vingapi tangu juzi? Na dawa nyingine?"

Mama akaitazama fulana yangu yenye jina la duka.

"Vinne tu. Nyingine hakuna."

Vinne! Chini ya meza akanibana mkono ninyamaze. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kunyamaza. Kazi ile niliisotea miaka miwili. Daktari akaandika nne.

"Ishirini," nikasema. "Na poda kumi na mbili, nazo ni parasetamoli. Nilimpa mimi, bila kumuuliza anameza nini. Nauza duka la dawa."

Daktari akasimama. Akamwita muuguzi alete dripu ya kuzima sumu mara moja, majibu ya damu yatafuata.

"Watakufukuza," mama akaninong'oneza. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akamnyooshea muuguzi.