Salamu za Zefania

Siku chama cha kudai uhuru kilipokata shauri kwamba Zefania Mughwai asisalimiwe na mtu, mwenyewe alikuwa juu ya paa la tembe lake pale Issuna, anakandika udongo mahali palipovuja mvua zilizopita. Kutoka huko juu aliwaona watu wakitoka mkutanoni, wakipita chini ya ukuta wake. Akangoja shikamoo zao. Hazikuja. Akadhani hawakumwona. Akashuka na mikono yake ya udongo, akawawahi njiani, akaanza yeye, mzee mzima, kuwasalimu watu aliowaona wakizaliwa.

"Mmeshindaje, wanangu?"

Wakapita. Salamu ikabaki pale njiani, ikatua chini. Ilikuwa na ukubwa wa kuku aliyeatamia, rangi ya vumbi, na ukiigusa ina joto kidogo. Waliokuja nyuma wakaizunguka, wakaenda zao.

Kosa lake lilikuwa kukataa kadi ya chama. Melkizedeki, mwenyekiti wa tawi, alikuwa amemfuata nyumbani zaidi ya mara moja.

"Uhuru naupenda," Zefania alimwambia. "Mwingereza akitaka kwenda kwao kesho nitamfungia mizigo. Ila kadi hapana. Ujana wangu wote nilibeba kipande kwenye mkonge huko Tanga. Siku nilipokichoma nilisema sibebi tena karatasi ya kuonyesha mimi ni wa nani."

"Kipande kilikuwa cha mkoloni, mzee. Hii ni yetu."

"Kama ni yetu, basi nibebeeni."

Melkizedeki hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule Zefania alipougua, yeye ndiye aliyemlimia uwele wake mpaka mwisho wa shamba.

Haikupita wiki akaja Antipasi, tarishi wa mtemi, na kofia yake nyekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Marahaba." Alijibu mara mbili maana zilikuwa zimemjaa kinywani.

"Wale wamekutupa. Mtemi anasema njoo ukae naye barazani, uwaambie watu jinsi chama kinavyotesa wazee."

"Na nikikaa huko nitakuwa wa nani?"

"Wa mtemi."

"Basi ni kipande kile kile, kasoro mkonge."

Antipasi akamaliza maji aliyopewa, akarudisha kibuyu, akaondoka. Tangu hapo watu wa mtemi nao wakaacha kumsalimu. Wakawa wamekubaliana na chama katika jambo hilo moja.

Mtu mwingine angenyamaza. Zefania hakujua njia ya kumpita mtu bila kumsalimu. Alikuwa amelelewa hivyo. Kila alipokwenda kisimani na punda wake alisalimu, na kila salamu ilitua pale ilipoachwa. Zikajaa njia ya kisima. Zikajaa mnadani, chini ya meza ya Marko mchinja nyama, na mbwa wakazipenda, wakalala wameziegemea wakati wa baridi. Kuziondoa walijaribu. Ukiibeba ukaitupa porini, asubuhi unaikuta mahali pake. Dawa kila mtu aliijua: kuitikia.

Jambo likaletwa mkutanoni. Alilileta Anastasia, mpika pombe.

"Mwenyekiti, mimi nimechoka kuzunguka. Jana nimejikwaa, mtungi mzima chini. Si mmoja wetu aitikie kwa niaba ya wote, yaishe?"

"Uhuru haupatikani bila kuzunguka, mama," alisema Melkizedeki.

"Na pombe yangu?"

"Itaandikwa katika mateso ya wananchi."

Watu wakacheka, hata Anastasia. Kisha wakapiga kura, na shauri likabaki vile vile.

Wakati wa kiangazi Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, alipita na gari lake akienda kukagua barabara. Dereva akalazimika kuyumba huku na huku. Bwana Shauri akashuka, akazitazama, akauliza kama ni mali ya mtu. Akaambiwa ni salamu. Akaagiza zipakwe chokaa, kama yale mawe ya bomani, ili magari yazione. Zikapakwa. Tangu siku hiyo njia ya Issuna ilipendeza ukiitazama kwa mbali.

Katika hizo zote, iliyomuuma Zefania ni moja tu. Luciana, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameolewa na Manase, katibu wa tawi, ng'ambo ya korongo. Zefania hakuhitaji kupita huko. Kisima kiko upande mwingine. Alipita. Alimkuta Luciana uani anapepeta, akasimama nyuma ya ua wa miiba na punda wake.

"Umeamkaje, mama?"

Luciana akainamia ungo. Salamu ikaingia uani, ikatua karibu na mlango. Zefania akangoja kidogo, kwa namna ya mtu anayemngoja punda apumzike, halafu akaondoka. Kesho yake akarudi.

Za mlangoni pa Luciana zilikuwa na joto kuliko za njiani. Mtoto wake alipopata kifua wakati wa baridi, Luciana alitandika ngozi katikati yake, akamlaza hapo. Manase alirudi akamkuta mtoto amelala, anapumua vizuri.

"Kulaza mtoto si kuitikia," alisema Luciana.

"Sijasema kitu."

"Nakwambia tu."

Manase akavua viatu, akakaa. Baadaye akanyoosha mkono akaigusa moja, akaurudisha.

Zefania alikufa mwezi wa Novemba, mwaka ambao uhuru ulikuwa umeshapangiwa tarehe. Punda ndiye aliyeleta habari. Alikuja peke yake jioni mpaka kwa Luciana, akasimama nyuma ya ua mahali pake pa siku zote.

Chama hakikukataza kuzika. Melkizedeki mwenyewe alishika jembe, akachimba mpaka kiunoni, na Marko akamalizia palipobaki. Lakini likatokea swali, na yeye ndiye aliyepaswa kulijibu: mfiwa apewe pole? Akafikiri ameegemea mpini.

"Pole ni salamu," alisema.

Basi wanawake wakaja wakakaa na Luciana, wakaleta kuni, wakaleta maji, wakamenya karanga mpaka siku zikaisha, na hakuna aliyempa pole.

Siku ya maziko salamu zilinyanyuka zilipokuwa, njiani, mnadani, chini ya meza ya nyama, zikaja kwa mstari na chokaa yake mpaka uani kwa Zefania, zikakaa. Ua ukajaa. Wazee walisema hawajaona msiba uliojaa namna ile. Kaburi lilipofukiwa zikaenda zake, hazikuonekana tena. Melkizedeki alikagua njia akashukuru, maana sherehe ilikuwa karibu na watu wa kusafisha walikuwa wachache.

Moja haikwenda. Ilikuwa ile ya mwisho, ya asubuhi ya siku aliyokufa, iliyotua kizingitini pa Luciana.

Aliifagia pembeni siku kadhaa. Kisha siku moja, Manase akiwa ndani anaandika majina ya watakaobeba bendera, Luciana aliweka ungo chini, akapiga goti, akaanza kama inavyopasa mtoto kuanza.

"Shikamoo, baba."

Ndani kalamu ilisimama, halafu ikaendelea. Luciana alingoja marahaba. Punda alikuwa nyuma ya ua, anatafuna. Shikamoo ikakaa hewani kidogo, ikashuka, ikatua karibu na ile nyingine. Ilikuwa ndogo zaidi, na bado ilikuwa na joto.

Wiki ya sherehe Marko alipita na ndoo ya chokaa, anapaka mawe ya njia ambayo gari la wageni lingepita. Alipofika mlangoni pa Luciana akasimama.

"Na hizi mbili?"

"Za nani?" aliuliza Manase kutoka ndani.

Luciana aliendelea kupepeta.

"Paka," alisema Luciana. "Ila usinichafulie kizingiti."

Marko akachuchumaa, akazipaka vizuri, pande zote, akainua ndoo yake.