Jeneza la Wawi

Siku hizi ukimtaja Muhannad Zahran, hata mtoto wa chuoni anamjua. Ndiye yule wa Jadida, pale Wete, aliyepewa tuzo ng'ambo na sasa anahojiwa kila mahali, kakunja nne, akisimulia jinsi sinema yake ya kwanza ya kutisha, Mke wa Udongo, alivyoitengeneza kwa mikono mitupu. Hapo hasemi uongo. Mikono ilikuwa mitupu kweli kweli. Na kila anayemhoji hafiki mbali kabla hajauliza habari za yule mzee wa kaburini, anayemfunua maiti uso kisha akamtazama vile: alisomea wapi kuigiza? Muhannad hutabasamu akajibu kwamba Pemba imejaa vipaji.

Kazija binti Ngwali, aliyekuwa ndiye maiti, hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa angesema yule mzee hakuwa akiigiza, na kwamba ni baba yake mzazi.

Kazija alizaliwa Msuka, kaskazini kabisa, akaletwa Jadida kwa shangazi yake ajifunze kushona. Cherehani aliijua, lakini moyo wake haukuwa huko. Tangu skuli, akisimamishwa mbele ya watu kusema maneno ya mtu mwengine, alijiona yuko nyumbani. Muhannad, kijana wa mtaa uleule, alimwona akiigiza kwenye mahafali akamwambia anamtaka kwenye sinema. Na kwa kweli mwanzo alifuata njia: alikwenda Msuka kumwomba Mzee Ngwali ruhusa.

Mzee Ngwali alikuwa mkulima wa muhogo, mpole, mtu wa maneno machache. Kijijini kwao, mtu akifa, yeye ndiye anayeteremka kaburini kupokea. Alikuwa hawezi kuliona jeneza likapita asilitie bega, awe anamjua maiti au hamjui. Alimkaribisha Muhannad kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu: "Mwanangu, mie huwazika watu. Kifo sikichezei, na mtoto wangu hatokichezea. Kunywa kahawa yako, usije ukaondoka na kiu."

Kazija akaingia kwenye sinema kwa siri. Sharti lake lilikuwa moja tu: baba asijue mpaka kazi iishe. Ikishakwisha angekwenda mwenyewe Msuka, na mbele ya baba na mama yake, Bimkubwa, angepiga magoti, angeomba radhi. Alitaka kuigiza na alitaka kubaki mtoto wa baba yake, vyote viwili. Mshika mbili moja humponyoka, wakubwa walishasema, lakini nani ana miaka ishirini akawasikiliza wakubwa?

Ile sinema tangu mwanzo ilikuwa na nuksi. Kamera ilikuwa ya mpiga picha za harusi wa Chake Chake, na ilitakiwa irudi kwake kabla ya harusi ya Jumamosi. Damu waliichemsha kwa sukari na rangi ya chakula, siafu wakaitambua kabla ya mtu yeyote, wakawatoa waigizaji chumbani mbio. Mwenye nyumba waliyokuwa wakiitumia alisikia wanaita majini, akawatupia vyombo vyao nje. Ukimtajia mtu wa Unguja Pemba, huwaza uchawi kabla ya karafuu, na Muhannad alitaka kuyauza hayohayo mawazo. Sasa yalikuwa yanamrudia. Watu wakamkimbia mmoja mmoja, mpaka akabaki na Kazija, na Jabir aliyekuwa akiigiza mume, na Soud mshika kamera, na vijana watatu wa kubeba mizigo.

Na ilibaki sehemu kubwa kuliko zote: maziko. Mke kafa, anapelekwa kaburini, mumewe anamlaza, na yeye anafumbua macho na kumshika mkono. Bila ya hiyo hapana sinema. Muhannad alizunguka mji mzima kutafuta watu wa kujifanya wazishi. Wote walimjibu jibu moja, kwamba mchezo wa maiti hawauchezi.

Ndipo akapata wazo lake. Alilitoa akiwa anacheka, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Kwani twawaomba wa nini? Ntu wa Pemba akiliona jeneza huuliza? Hulibeba. Sisi tulitoe tu barabarani, wenyewe watakuja."

Ilikuwa kweli. Kule jeneza likishatoka, mwenye duka hutoka dukani, mwenye baiskeli huilaza majanini, kila mmoja akatafuta nafasi ya kutia bega hatua mbili tatu apate thawabu zake. Nani kafa huulizwa baadaye. Muhannad alilijua hilo kwa kulelewa nalo, na alilichukua kama mtu anavyochukua embe la jirani lililoangukia upande wake.

Walichagua Wawi, kwa sababu hawakujulikana huko na kwa sababu Msuka ni mbali. Amu yake Soud alikuwa na ufunguo wa msikiti mdogo, na jeneza likatoka humo bila ya mtu kuulizwa. Kaburi walilichimba usiku pembezoni mwa makaburi. Ndani ya kaburi, kwenye mwanandani, ile nafasi ya pembeni anamolazwa maiti, Muhannad alisimamisha simu yake inayorikodi, ili apate uso wa mume kwa karibu. Yeye na Soud wakapanda na kamera kubwa juu ya nyumba isiyomalizwa, ng'ambo ya barabara. Walikadiria kila kitu, isipokuwa kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuteremka kaburini. Vijana hubeba. Wanaoteremka ni watu wazima.

Alasiri Kazija alijilaza akafungwa sanda. Juu ya jeneza yakawekwa matao ya miti na kufunikwa nguo ya rangi, kama anavyofanyiwa mwanamke. Jabir na wenzake watatu wakalinyanyua wakatoka nalo njiani.

Mwanzo alisikia nyayo za wanne. Kisha zikawa nyingi. Jeneza likaanza kwenda mbio, likipokewa bega hadi bega, na tahalili ikapanda, "Laa ilaaha illa Llah," sauti nzito za wanaume asiowajua. Ndani ya sanda mwili ulimsisimka. Hofu ilikuwapo, lakini tuseme ukweli, furaha ilikuwa kubwa zaidi. Alijiambia kwamba watu wote hawa wamemjia yeye.

Hapo ndipo alipokisikia kikohozi.

Baba yake alikuwa na namna yake ya kukohoa, mara mbili fupi na ya tatu ndefu, na utotoni aliisikia kila usiku kutoka nyuma ya ukuta. Alikisikia pembeni ya sikio lake la kulia. Kisha sauti: "Sogea, mwanangu, na mie nipate." Bega likaingia chini ya mti wa jeneza.

Mzee Ngwali alikuwa amekuja Wawi kumtazama nduguye mgonjwa. Alikuwa kituoni akingoja gari ya kurudi. Jeneza lilipita, na yeye hakuwa mtu wa kuliacha lipite.

Kazija angeweza kupiga kelele palepale. Ufahamu ulimjia wote kwa mara moja: akinyanyuka, baba atajua, na atajua mbele ya watu wote wa barabara ile, sinema itakufa, kamera kesho inarudi. Akinyamaza, baba atafika makaburini, atatupa mchanga wake mara tatu kama wengine, atapanda gari yake, na hatojua kamwe. Akanyamaza. Maji nimeshayavulia nguo, akasema moyoni, sina budi kuyaoga. Akauma sanda kwa meno asije akatikisika.

Makaburini mambo yalimponyoka Jabir. Alidhani watu watasimama kando watazame. Wapi! Mwengine alishaingia kuliangalia kaburi, mwengine anauliza kaswaliwa wapi. Jabir akasema kaswaliwa Wete. Wawili wakatanda shuka juu ya kaburi, maana maiti ni mwanamke na hazikwi waziwazi.

"Maharimu wake nani?" sauti ikauliza. "Wanateremka nani?"

"Mie. Mume," akasema Jabir.

"Peke yako? Hana baba? Hana ndugu?"

"Baba yake yuko mbali."

Kisha Kazija akaisikia ile sauti. "Asiye na wake, Waislamu ndio wake. Mie ntu mzima na kazi hino naijua. Ntampokea."

Juu ya ile nyumba, Soud alimtambua mzee. Alikuwa amefuatana na Muhannad siku ile ya kahawa. Alimwambia, "Yuno babaake, Muhannad. Babaake Kazija! Nshuke?" Na Muhannad, jicho lake kwenye kamera, alimjibu, "Kaa. Wacha iende." Maneno haya Soud alimpa Kazija mwenyewe jioni ileile, akilia, na tangu hapo hajamshikia mtu yeyote kamera.

Kazija alipokewa kwa mikono miwili ya baba yake. Tangu awe mtoto mdogo hajabebwa na mikono ile. Alilazwa ubavu wa kulia, taratibu, "Bismillahi wa alaa millati rasuulillah," na mwangaza ukaja mwekundu kwa rangi ya shuka lililotandwa juu. Jabir alikuwa miguuni. Basi, Kazija akajiambia, sasa atatoka. Sasa atapanda juu.

Lakini maiti haachwi na uso uliofunikwa. Hufunguliwa vifundo vya sanda, uso ukatolewa, shavu likalazwa juu ya udongo. Kila aliyewahi kuteremka analijua hilo, na hao vijana hawakulijua. Vidole vya mzee vilifungua kifundo cha kichwani, vikaivuta nguo.

Akanyamaza katikati ya dua.

"Kazija?"

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Kisha akaita tena, na hapo sauti ikavunjika, na kitu cha moto kikamdondokea Kazija shavuni. Hakuweza. Nani angeweza? Alifumbua macho, akanong'ona.

"Baba. Baba, n' mie. Sikufa. Twacheza tu."

Huo uso ndio ambao watu wanaulipia kiingilio. Kwanza furaha iliuvaa wote, furaha ya mtu aliyerudishiwa mtoto wake kutoka kaburini, na Kazija hajawahi kupendwa na mtu kama alivyopendwa katika nukta ile. Kisha macho ya mzee yakamwona Jabir. Yakaiona simu kwenye mwanandani, na taa yake ndogo inayowaka. Yakarudi kwa binti yake, aliyekuwa amesikia kila kitu tangu barabarani, aliyekuwa hai ndani ya jeneza lililokuwa begani mwa baba yake, na asiseme neno. Furaha ikatoka usoni mwake kidogo kidogo, mpaka pakabaki hapana kitu.

Aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha Kazija. Akakigeuza polepole, mpaka shavu likagusa udongo.

"Lala, mwanangu," akasema.

Akamalizia dua yake pale alipoikatisha. Akapanda juu bila ya kungoja viunza vya kumzibia maiti, Jabir ameshamtangulia, akakung'uta magoti, akawaambia watu, "Fukieni."

Pigo la kwanza la udongo lilimwangukia Kazija miguuni. Aliruka akasimama na sanda yake, akapiga ukelele, na kilichofuata mmekiona nyote: wanaume wazima wakikimbia, makubadhi yakibaki nyuma, mmoja akipita juu ya mwenziwe. Mtu mmoja tu hakukimbia. Alinawa mikono, akaiweka sawa kofia yake, akashika njia ya kituoni. Kazija alimwita mpaka sauti ikamkauka. Hakugeuka.

Siku ya tatu alikwenda Msuka. Alipokaribia nyumbani aliona majamvi uwanjani na wanaume wamekaa, si wengi. Shehe wa kijiji alikataa kuja, alisema hitma ya mtu aliye hai haijuzu. Basi Mzee Ngwali alikuwa akisoma mwenyewe, na waliokuja ni majirani waliomwonea huruma, maana mtu akikwambia amefiwa, utamwambia nini?

Kazija alizunguka mlango wa uani. Wanawake walikuwa wakipakua. Walipomwona wakaacha miko ndani ya sufuria, na Bimkubwa akaja akamshika uso, akampapasa mabega na mikono yote, akilia bila ya kutoa sauti.

"Mama, nataka nikamwombe radhi."

"Nimemwambia, Kazija. Usiku wote namwambia, mtoto yuhai, mtoto yuhai. Hanijibu. Ananambia nisafishe mchele."

Mama hakujua amfanyie nini. Alimkalisha kwenye kigoda, akafanya lile ambalo mikono yake iliweza kulifanya: akampakulia wali na mchuzi, akamwekea mbele. "Kula, mwanangu. Kasema kila anayekuja apewe."

Kazija alikuwa na tonge mkononi mlango wa ndani ulipofunguliwa. Mzee Ngwali alisimama kizingitini, kavaa kanzu nyeupe, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuja kuulizia sinia la wanaume. Aliwatazama wanawake mmoja mmoja, kama ifaavyo, akiwashukuru kwa kumwonea imani, na kila mmoja aliinamisha kichwa. Akafika kwake.

Kazija akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nakuomba, baba."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kazija alidhani, aliapa baadaye kwamba alidhani, mkono wake ulikuwa unanyanyuka.

"Ahsante kwa kuja, bibi," akasema Mzee Ngwali. "Yule mtoto alikuwa akipenda watu. Kula ushibe, Mwenyezi Mungu akulipe."

Akachukua sinia, akarudi kwa wageni wake.